Mafuriko ya Lualaba: salongo ya ordinatere inaweza kupiga hesabu, lakini ni nani anapima mto?

Maji yanayopita leo mbele ya Nyangwe, katika teritwari ya Kasongo, yamekwisha kupita Kongolo. Kisha yataendelea Kindu, Ubundu na Kisangani. Kwa mvuvi, mwenye pirogi na mkulima wa mpunga kando ya mto, kujua siku chache mbele kama maji yatapanda kunaweza kuokoa mavuno na hata nyumba.

Hesabu ya kujua hilo ipo. Ni ndefu mno kwa ordinatere moja, kwa hiyo wataalamu wa hesabu huigawanya kati ya mamia au maelfu ya ordinatere zinazofanya kazi kwa wakati mmoja.

Nyangwe na hesabu ya mwaka 1874

Nyangwe si mgeni katika hesabu za mto. David Livingstone alifika hapo mwaka 1871, wakati ilikuwa soko kubwa la wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, akitumaini kwamba Lualaba ni mwanzo wa Nile.

Mwezi wa 8 mwaka 1874 akafika Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron. Alikadiria kwamba wakati wa kiangazi zinapita hapo futi za ujazo 123,000 kila sekunde, karibu meta za ujazo 3,500. Nile kule Gondokoro ilikuwa imepimwa futi 21,500 tu. Tena vipimo vyake vilionyesha kwamba Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Akasema Lualaba ni Kongo. Henry Morton Stanley, aliyeondoka Nyangwe mwezi wa 11 mwaka 1876, alilithibitisha jambo hilo alipofika Boma mwezi wa 8 mwaka 1877.

Cameron alitaka kujua maji ya mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Kutabiri mafuriko ni kujua maji ya kila mahali, saa kwa saa.

Kukata mto vipande

Mwaka uleule wa 1871, Mfaransa Adhémar Barré de Saint-Venant alitoa kanuni za hesabu zinazoeleza jinsi maji ya mto yanavyopanda, kushuka na kukimbia. Kwa mto wa kweli, wenye visiwa na mabonde, kanuni hizo hazitoi jibu la moja kwa moja. Dawa ni kukata eneo kuwa viraba vidogo na kuhesabu, hatua kwa hatua, maji yanayoingia na kutoka katika kila kiraba.

Chukua eneo la kilometa 100 kwa 100. Ukilikata viraba vya meta 100 kila upande, unapata viraba 1,000,000. Ukitaka kutabiri siku 10 kwa hatua za sekunde 10, unapiga hatua 86,400. Hiyo ni kuhesabu kiraba zaidi ya mara bilioni 86.

Ndipo salongo inapoanza. Ordinatere moja inapewa sehemu ya Kongolo hadi Nyangwe, ya pili Nyangwe hadi Kindu, ya tatu Kindu hadi Ubundu. Lakini maji hayajui mipaka hiyo. Kwa hiyo, kila hatua ikiisha, majirani wanaambiana kiasi cha maji kilichofika mpakani. Vipande vikiwa vidogo mno, ordinatere zinapoteza wakati mwingi katika kuongea kuliko kufanya kazi.

Kuna kizuizi kingine, kilichoelezwa na Mmarekani Gene Amdahl mwaka 1967. Kama sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata ukileta ordinatere 1,000 hutamaliza mara kumi haraka zaidi. Utafiti mwingi katika fani hii ni kutafuta njia za kupunguza sehemu hiyo na mazungumzo hayo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko mashine. Mwaka 1922, Mwingereza Lewis Fry Richardson aliwaza jumba lenye watu 64,000, kila mmoja akihesabu hali ya hewa ya kipande chake cha dunia na kuwaangalia majirani zake.

Mashine zipo, vipimo vimepungua

Leo jumba hilo lipo kwa namna nyingine. Kituo cha Ulaya cha kutabiri hali ya hewa kina mashine zake Bologna, Italia, na mfumo wa GloFAS unaohesabiwa na kituo hicho hutoa kila siku makadirio ya mito ya dunia, Kongo ikiwemo. Hapa nchini, kituo cha CRREBaC cha Kinshasa kimechunguza mto Kongo pamoja na vyuo vikuu vya Uingereza.

Lakini ordinatere haibuni maji. Inahitaji kuambiwa kina cha mto, umbo la chini yake na urefu wa maji ya leo. Kabla ya uhuru, bonde la Kongo lilikuwa na mamia ya vituo vya kupima maji. Vinavyofanya kazi sasa ni vichache sana. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa mwezi wa 12 mwaka 2022, inaona urefu wa maji kutoka juu, lakini haioni chini ya mto.

Mwaka 2024, ziwa Tanganyika lilipanda na kufurika Kalemie na Uvira. Maji ya ziwa hilo hutoka kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba juu ya Kongolo, kisha yanashuka kuelekea Nyangwe na Kindu. Njia yake inajulikana. Kinachohitajika ni ubao wenye alama za kupimia katika kila bandari kubwa, mtu wa kuusoma kila asubuhi, na telefone ya kutuma namba. Bila namba hizo, ordinatere elfu zitafanya tu kosa lilelile kwa haraka zaidi.