Homa haiishi na dozi ya malaria umemaliza? Mwambie daktari kama unafuga

Wiki ya tatu sasa homa inakuja na kuondoka. Usiku jasho linakutoka, mgongo na viungo vinauma, dawa za malaria umemaliza lakini nafuu hakuna. Kama unafuga ng'ombe, mbuzi au kondoo, au unakunywa maziwa mabichi, huenda ni bruselosi.

Hali hii si ngeni. Mwaka 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, Tanzania. Wagonjwa 528 waliambiwa wana malaria. Walipopimwa kwa kina, wenye malaria kweli walikuwa 14 tu. Baadhi ya waliobaki walikutwa na bakteria wanaotoka kwa wanyama, wakiwemo wa bruselosi.

Inaambukizwaje?
Kwa mifugo, ugonjwa huu husababisha kutupa mimba. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, au kumzalisha mnyama na kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Dalili mara nyingi huanza baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine miezi, ndiyo maana wengi hawakumbuki walichokunywa.

Inapimwaje?
Kwa damu. Vipimo vingi huangalia kinga ya mwili dhidi ya bakteria hao. Shida ni kwamba kinga hiyo inaweza kubaki muda mrefu hata baada ya kupona, hivyo kipimo kimoja cha haraka hakitoshi kumaliza ubishi. Kuotesha bakteria maabara kunatoa uhakika zaidi, ila majibu huchukua siku hadi wiki kadhaa. Kwa hiyo maelezo yako ni muhimu. Daktari asipouliza, sema mwenyewe: nafuga, nakunywa maziwa mabichi, juzi mbuzi wangu alitupa mimba.

Tiba yake je?
Dawa moja haitoshi, kwa sababu bakteria hawa hujificha ndani ya seli. Kwa kawaida mtu mzima hupewa doksisaiklini kwa wiki sita pamoja na rifampisini, au doksisaiklini na sindano za streptomaisini wiki mbili hadi tatu za mwanzo. Wengi hupata nafuu mapema wakaacha dawa, na homa inarudi. Usipotibiwa, ugonjwa unaweza kushambulia uti wa mgongo, korodani, hata moyo.

Wajawazito na watoto wadogo hupewa dawa tofauti, kwa hiyo usigawane dozi na mtu.

Nyumbani ufanye nini?
Chemsha maziwa, hata ya mtindi kabla hujayagandisha. Vaa glavu unapomzalisha mnyama. Mnyama akitupa mimba, mwite mtaalamu wa mifugo apime zizi zima. Ukipona wewe na zizi likabaki vilevile, unaweza kuugua tena.