Ngiri ya Kiwambo kwa Watoto Wachanga

Kiwambo, msuli utenganishao kifua na tumbo, hujifunga kabla mimba haijatimiza wiki 12. Kwa mtoto 1 hivi kati ya 3,000 hubaki tundu; utumbo hupanda kifuani na kuyazuia mapafu kukua.

Mwaka 1946 Robert Gross wa Boston aliripoti kumpasua na kumponya mtoto asiyetimiza siku moja. Kwa miaka mingi upasuaji ukaharakishwa. Leo yajulikana kwamba kiuacho zaidi si tundu bali udogo wa mapafu. Basi mtoto hutulizwa kwanza, kisha hupasuliwa.

Hivyo mtoto azaliwaye na ngiri hii Bagamoyo, kilomita 65 hivi kutoka Muhimbili, apaswa kuanza kutibiwa kabla ya safari: apitishwe mpira puani hadi tumboni utoe hewa. Asipulizwe hewa kwa barakoa, kwani huujaza utumbo uliomo kifuani, nao huyabana mapafu.