Kiswidi: neno refu linasomwa kuanzia ku mwisho

Kati ya wakimbizi ambao HCR inapendekeza na Uswidi inapokea, Wacongomani wamo. Ndiyo maana familia zenye kubakia huku, ao mu kambi za inchi jirani, wakati moja zinapata kwa telefone picha ya barua. Juu kumeandikwa Migrationsverket, biro ya serikali yenye kushugulikia wageni. Mu kati ya barua kuko neno moja la herufi 18: uppehållstillstånd. Mutu anajaribu kulikata sawa vile anakata maneno ya Kiswahili, u-pe-ho..., anachoka, anaacha. Na kumbe neno ilo ndilo lenye kusema kama kuko ruhusa ya kukaa mu inchi ao hapana.

Neno ilo halina uchawi. Uppehåll ni kukaa. Tillstånd ni ruhusa. Katikati kuko s moja ndogo yenye kufanya kazi ya gundi. (Iyo å yenye duara ku kichwa inasomwa karibu sawa o yetu.) Waswidi hawasemi «ruhusa ya kukaa», wanasema «kaa-ruhusa», na wanaandika yote pamoja bila kuacha nafasi.

Hapa ndipo Kiswahili kinatupoteza. Sisi tunatanguliza kitu chenyewe, kisha tunakieleza: munganga wa watoto, biro ya kazi. Kiswidi kinageuza. Kitu chenyewe kinakaa nyuma kabisa, na yote yenye kuitangulia inakieleza tu. Barn ni mutoto, läkare ni munganga. Barnläkare ni munganga wa watoto. Ukigeuza, läkarbarn, inakuwa mutoto wa munganga. Kwa hiyo mwenye kukutana na neno refu atafute kwanza kipande cha mwisho. Akiona tillstånd, ajue mara nyingi ni habari ya ruhusa: arbetstillstånd ni ruhusa ya kufanya kazi. Mara nyingi, si kila mara, sababu tillstånd ni hali pia, na hälsotillstånd ni hali ya afya. Kipande cha nyuma ndicho pia chenye kuamua neno liende na en ao ett: wanasema en läkare, en barnläkare, lakini ett barn, ett läkarbarn.

Jambo moja lugha iyo haisemi wazi ni namna vipande viwili vinahusiana. Barnmat ni chakula cha watoto, lakini barnarbete ni kazi yenye kufanywa na watoto. Mutu anapaswa kutumia akili, sawa vile «ya» yetu nayo inaficha mengi.

Gundi nayo iko ya namna nyingi. S ndiyo inaonekana sana. Maneno mengine yanapoteza a ya mwisho: skola, masomo, inakuwa skolbarn, mwanafunzi mudogo. Mengine yanabadilisha iyo a: kyrka, kanisa, inakuwa kyrko-, na gata, barabara, inakuwa gatu-. Familj inapata e: familjeåterförening, kuunganisha tena familia. Hakuna sheria moja yenye kumaliza yote. Lakini kuko moja yenye kusaidia: kama kipande cha mbele chenyewe ni maneno mawili yaliyounganishwa, mara nyingi s inaingia. Glasi ya vinyo ni vinglas, bila s. Glasi ya vinyo mwekundu ni rödvinsglas: iyo s inaonyesha kama röd na vin vinaenda pamoja kwanza, kisha glas.

Kukata neno ku mwisho wa mustari kunafuata kiungo icho icho. Hospitali ni sjukhus, nyumba ya wagonjwa: sjuk-hus. Mwenye kukata sju-khus anamuletea musomaji namba saba, sababu sju ni saba. S ya gundi inabakia upande wa kushoto: uppehålls-tillstånd. Ndani ya kipande kimoja, konsonanti moja inaweza kushuka mustari wa chini, lä-kare. Na kuko kituko kimoja kizuri: kama konsonanti tatu za namna moja zinakutana, wanaandika mbili tu. Buss na station inakuwa busstation, kituo cha bisi. Lakini ukikata ku mustari, ile ya tatu inarudi: buss-station.

Kwa masikio, neno lote linabebwa na pumzi moja: nguvu kubwa ku kipande cha kwanza, nguvu ya pili ku kile cha mwisho, na sauti inapanda na kushuka. Mwenye kuzaliwa na Mashi ao Kinande, lugha zenye sauti za juu na za chini, anaweza kuvisikia mbele ya yule wa Kiswahili peke yake.

Kutenganisha penye kuunganishwa ni kosa ambalo Waswidi wenyewe wanafanya na kuchekana. Sjuksköterska ni muuguzi; sjuk sköterska ni muuguzi mugonjwa. Rökfritt ku mulango inakataza kuvuta tumbaku. Rök fritt inasema vuta vile unataka.

Ku maneno ya jamaa, haikuwe tena kicheko. Mor ni mama, far ni baba, bror ni kaka, syster ni dada. Kisha vinaunganishwa: mormor ni nyanya muzaa mama, farmor muzaa baba, morbror ni mujomba, farbror ni baba mudogo ao baba mukubwa. Faster, shangazi, na moster, dada ya mama, ni far na mor pamoja na syster, maneno ambayo yalishikamana mpaka yakafupika. Huku kwetu dada ya mama anaitwa mama, na watoto wake ni ndugu zetu. Mu Kiswidi watoto wa moster ni kusin, na syskon ni ndugu wa tumbo moja ao wa baba moja. Mwenye kujaza karatasi ya familjeåterförening na kuandika mor penye alitaka kusema moster, ameandika mutu mwingine.