Umeumia Kazini? Pigania Asilimia

Mashine ikikukata vidole katika karakana ya Industrial Area, Nairobi, bosi anaweza kufika hospitalini na bahasha pamoja na karatasi ya kutia sahihi, eti mmalizane. Usitie sahihi. Piga hesabu kwanza.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, yaani WIBA, humpa aliyepata ulemavu wa kudumu mshahara wa miezi 96, ukizidishwa kwa asilimia ya ulemavu wake. Fundi anayelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi anaanzia 1,920,000. Daktari akimwandikia 10%, fidia ni shilingi 192,000. Akimwandikia 15%, ni 288,000. Tofauti hiyo ya shilingi 96,000 inategemea tarakimu moja katika fomu ya DOSH/WIBA 1, sehemu ya daktari, ambayo majeruhi wengi hawaisomi kabisa. Isome, uombe nakala. Kama kidole hakikunjiki au huwezi tena kushika nyundo, mwambie daktari kabla hajaandika, na ukiona amekupunja, mlipe daktari wa pili akupime upya. Ada yake ni ndogo kuliko hasara hiyo.

Gharama za matibabu ni za mwajiri, na ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda, malipo ya mshahara yanaweza kuendelea hadi miezi 12. Kwa hiyo akikukata pesa za dawa kwenye ile bahasha, anakudhulumu.

Kumshtaki mwajiri moja kwa moja mahakamani, kama ilivyokuwa zamani, hakuwezekani tena. Mahakama ya Juu iliiunga mkono sheria hii Desemba 2019. Dai sasa huamuliwa na mkurugenzi wa usalama na afya kazini; usiporidhika na uamuzi wake, una siku 60 za kuupinga. Wakili anafaa zaidi kuanzia hapo, ila ada yake mwandikiane mapema, maana 192,000 hazigawanyiki mara nyingi.

Tanzania anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na ulemavu ukizidi 30% hutolewa pensheni ya kila mwezi. Kwa kijana mwenye watoto, naona hiyo ni bora kuliko donge moja linaloishia kwenye madeni.

Tukirudi Kenya, mwajiri anatakiwa kuripoti ajali ndani ya siku 7. Asiporipoti, nenda wewe mwenyewe katika ofisi ya kazi ya kaunti yako, kwa maandishi: miezi 12 ikipita tangu ajali bila dai, haki yako imekwisha.