Kipimo cha Jenomu Kisisubiri Mwisho

Mtoto mchanga anapolazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na degedege lisilotulia kwa dawa, au ini lake limeshindwa kufanya kazi, au moyo wake umepanuka bila sababu inayoonekana, madaktari huanza na yale yanayotokea mara nyingi: maambukizi, sukari kushuka, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Ndivyo inavyotakiwa. Majibu yakitoka safi, hufuata picha ya ubongo, kisha maji ya uti wa mgongo, pengine na kipande cha ini au cha msuli, na wiki zinapokwisha kupita ndipo mtu anapotaja ugonjwa wa vinasaba. Naona mpangilio huo una kasoro. Kwa mtoto mahututi ambaye chanzo cha ugonjwa wake hakijulikani, kusoma jenomu yake nzima kuwe miongoni mwa vipimo vya siku ya kwanza au ya pili. Jina la ugonjwa lina faida likipatikana wakati bado kuna uamuzi wa kubadilisha. Likija mwezi baadaye, mara nyingi ubongo umekwisha kuharibika.

Jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Mradi wa kwanza wa kuisoma ulimalizika mwaka 2003, baada ya miaka 13. Mwaka 2012 kikundi cha Stephen Kingsmore, katika hospitali ya watoto ya Kansas City nchini Marekani, kilionyesha kwamba jibu kwa mtoto mahututi linaweza kupatikana ndani ya saa 50 hivi. Damu inayohitajika ni kidogo tu. Mashine huisoma vipande vipande, kompyuta ikavipanga, na matokeo yake ni tofauti kati ya milioni 4 na 5 ukilinganisha na jenomu ya rejea. Karibu zote hazina madhara, kwa hiyo kazi kubwa ni kuchuja. Hapo damu ya mama na ya baba huwa na thamani kubwa: kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya machache, kama 70 hivi, ambayo hayapo kwa mzazi yeyote, na kwa kuwalinganisha watatu hao mabadiliko hayo hujitokeza upesi. Daktari wa wodini naye hana budi kueleza dalili kwa makini, maana maabara iliyoandikiwa "degedege" tu haitajua ianzie wapi.

Mfano unaoeleweka vizuri ulichapishwa mwaka 2021 kutoka hospitali ya watoto ya Rady, San Diego. Mtoto wa wiki tano alifikishwa pale akilia bila kubembelezeka, na picha ya ubongo ikaonyesha madoa makubwa pande zote mbili. Picha ya namna hiyo inaweza kusababishwa na magonjwa mengi sana. Miaka kumi kabla yake, ndugu yake alikuwa amefariki kwa ugonjwa uliofanana na huo bila chanzo kujulikana. Safari hii jenomu ilitoa jibu kwa saa 13 na nusu: hitilafu katika jeni iitwayo SLC19A3, inayozuia thiamini kuingia kwenye seli za ubongo. Tiba yake ni vitamini mbili, thiamini na biotini. Saa chache baada ya kupewa, mtoto alitulia na kunyonya chupa. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1998 na madaktari waliokuwa wakifanya kazi Saudi Arabia, na dawa zake si ghali. Kilichokosekana kwa mtoto wa kwanza ni mtu wa kuutambua kwa wakati.

Kesi moja yenye mwisho mwema haitoshi kujenga hoja, lakini zipo nyingine. Kabamazepini, dawa ya kifafa ya siku nyingi, huwasaidia sana watoto wengi wenye hitilafu katika jeni ya KCNQ2. Dawa hiyohiyo humzidishia degedege mtoto mwenye hitilafu katika SCN1A, yaani ugonjwa wa Dravet. Vivyo hivyo kisukari kinachoanza kabla ya miezi sita: watafiti wa Exeter, Uingereza, walionyesha kuanzia mwaka 2004 kwamba wengi wa watoto hawa wana hitilafu ya jeni moja, na baadhi yao huacha sindano za insulini wakaendelea kwa vidonge vya glibenklamidi, dawa ambayo maduka mengi ya dawa huku kwetu yanayo.

Pingamizi la kwanza ni gharama, na lina uzito. Jimbo la California lilitenga dola milioni 2 kulijaribu jambo hili katika hospitali tano, kwa watoto wachanga 178 waliohudumiwa na bima ya umma. Watoto 76, yaani asilimia 43, walipata jibu, na 55 walibadilishiwa matibabu. Siku za kulazwa zilizoepukwa, pamoja na upasuaji na vipimo vya kuchoma na kukata ambavyo havikufanyika tena, viliokoa takriban dola milioni 2.5. Kuanzia Januari 2022 bima hiyo hulipia kipimo hiki kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja waliomo chumba cha mahututi. Hesabu hizo ni za nchi ambako kitanda kimoja cha mahututi hugharimu maelfu ya dola kwa siku. Kuzihamishia Mwanza au Mombasa kama zilivyo kungekuwa kujidanganya.

Wengine husema: zaidi ya nusu hawapati jibu, na wengi wanaopata hawana tiba. Ni kweli, na jibu lisilo na kitu haliondoi uwezekano wa ugonjwa wa vinasaba. Ila tiba si uamuzi pekee unaofanywa katika chumba kile. Mzazi aliyeambiwa kwa uhakika kwamba ugonjwa hautarudi nyuma anaweza kukataa upasuaji wa tatu na kuomba mwanawe aondolewe maumivu. Kisha huja swali la mimba ijayo. Iwapo kila mzazi amebeba nakala moja yenye hitilafu, hatari kwa kila mimba ni moja kati ya nne. Iwapo mabadiliko ni mapya kwa mtoto, kwa kawaida hatari haizidi asilimia moja hivi. Bila jibu, wazazi wa aina zote mbili huambiwa maneno yaleyale.

Linalonisumbua zaidi ni ridhaa. Mama aliyejifungua juzi, mwanawe akiwa kwenye mashine ya kupumulia, anaombwa akubali kipimo kinachoweza kufichua kwamba yeye mwenyewe ana hatari ya saratani, au kwamba baba si mzazi wa damu. Kuharakisha maabara kusituharakishie maelezo. Maabara itoe yale yanayohusu ugonjwa wa mtoto tu, mengine yaulizwe wiki kadhaa baadaye, na mshauri azungumze na kila mzazi peke yake kabla damu haijatolewa.

Kwa watoto wa Kiafrika kuna tatizo la ziada. Kufikia mwaka 2018, asilimia 78 ya washiriki wa tafiti kubwa zinazohusisha jenomu na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya, Waafrika asilimia 2. Mwaka 2020 watafiti wa mradi wa H3Africa walisoma jenomu za Waafrika 426 wakakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazijawahi kuandikwa. Maana yake, mtoto wa hapa anaweza kupewa jibu la "haijulikani kama ina madhara" kwa sababu tu hakuna aliyetangulia kuisoma jamii yake. Kupima wazazi hupunguza tatizo hilo pale mabadiliko yanapokuwa mapya; kwa magonjwa yanayorithiwa kutoka pande zote mbili hakupunguzi sana.

Tena watoto wachanga wetu wengi hufa kwa kuzaliwa njiti, kukosa hewa na maambukizi. Oksijeni, joto na antibiotiki zije kwanza. Sitetei mashine ya jenomu kwa kila hospitali ya wilaya. Lakini mashine zimekwisha kufika kanda hii: maabara ya KEMRI-Wellcome huko Kilifi ilisoma jenomu za virusi vya korona. Kilichopungua ni wataalamu wa kutafsiri matokeo ya binadamu, na hazina ya jenomu za watu wetu wenyewe. Kwa sasa hospitali za rufaa zinaweza kuanza na lililo rahisi: kuchukua matone ya damu ya mtoto na ya wazazi wote wawili kwenye kadi ya karatasi siku ya kwanza, kwa ridhaa yao, yakauke na yahifadhiwe. Sampuli hiyo inaweza kutumwa maabara nyingine mtoto akiwa hai, na hata asipopona bado inaweza kuwajibu wazazi kuhusu mimba ijayo.