Treni ya Abiria na Hoja ya Kujiendesha: Mjadala wa Reli ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma

Utangulizi

Tarehe 14 Juni 2024 huduma ya abiria kwa reli ya SGR ilianza kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na tarehe 25 Julai mwaka huohuo safari zikafika Dodoma. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi huduma hiyo tarehe 1 Agosti 2024. Tangu jiwe la msingi lilipowekwa mwezi Aprili 2017, swali moja limekuwa likirudi bungeni, magazetini na vijiweni: je, treni hii itajiendesha? Wapo wanaojibu ndiyo kwa kuonesha mabehewa yaliyojaa. Wapo wanaojibu hapana kwa kutaja ukubwa wa gharama za ujenzi. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja, kwa kuwa haziulizi swali moja. Neno “kujiendesha” limebeba maana zaidi ya moja, na kila maana humtaja mlipaji tofauti. Mjadala ukiendelea bila kuzitenganisha maana hizo, atakayepoteza ni yule ambaye hashiriki katika mjadala wenyewe.

Maana ya kujiendesha

Gharama za reli ya abiria hupangika kwa tabaka. Tabaka la chini ni gharama za safari yenyewe: umeme, mishahara ya madereva na wahudumu, usafi na matengenezo ya mabehewa. Juu yake kuna utunzaji wa njia, yaani reli, mataruma, madaraja, mitambo ya ishara na nyaya za umeme. Tabaka la juu kabisa ni gharama za ujenzi pamoja na riba ya mikopo iliyochukuliwa kwa ajili hiyo. Msemaji anayesema treni inajiendesha aghalabu huwa na tabaka la kwanza akilini. Mpinzani wake huwa analizungumzia la tatu. La pili husahauliwa na wote wawili, ingawa ndilo lililoiangusha reli ya zamani.

Ulinganisho na basi unaonesha uzito wa tofauti hii. Mwenye basi la Dodoma hulipa mafuta, matairi, dereva, kodi na leseni. Barabara hakuijenga. Huchangia matengenezo yake kupitia tozo iliyomo katika bei ya mafuta, lakini hakuna anayemtaka arejeshe gharama za kuijenga. Hivyo, kuitaka treni ilipe njia yake yote kutokana na nauli ni kuiwekea sharti ambalo mshindani wake hajawahi kuwekewa. Hata hivyo, hoja hii isitumiwe kama pazia. Barabara hutumiwa na magari ya kila aina, na kijiji kilichopo kando yake hunufaika siku inapofunguliwa. Reli hutumiwa na treni pekee, nayo humfaa tu yule ambaye treni inasimama karibu naye.

Tanzania imewahi kujaribu kuzitenganisha tabaka hizi kisheria. Mwaka 2007 miundombinu ya reli ilikuwa chini ya kampuni hodhi ya RAHCO, na uendeshaji ukawa mikononi mwa kampuni ya TRL, ambamo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa na serikali asilimia 49. Ubia huo ulivunjika mwaka 2011. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliziunganisha RAHCO na TRL katika Shirika la Reli Tanzania, TRC. Muungano huo una faida zake za kiutendaji. Hasara yake kwa mtafiti ni kwamba mpaka kati ya gharama za njia na gharama za safari, ambao hapo awali ulipita kati ya kampuni mbili, sasa umo ndani ya vitabu vya shirika moja.

Nauli na deni

Nauli elekezi ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA kwa treni ya SGR ni shilingi 69.51 kwa abiria kwa kila kilomita. Kwa hesabu hiyo abiria mtu mzima hulipa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Nauli za mabasi zilizotangazwa na mamlaka hiyohiyo mwezi Desemba 2023 zilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida na 67.84 kwa basi la daraja la kati. Kwa maneno mengine, treni iliwekewa bei ya basi zuri. Uamuzi huo ulilenga kujaza mabehewa, na kwa lengo hilo ni uamuzi wenye busara.

Sasa nauli hiyo ipimwe dhidi ya deni. Mkataba wa ujenzi wa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ulikuwa wa takriban dola bilioni 1.2 za Marekani, na ule wa Morogoro hadi Makutupora ulikuwa wa takriban dola bilioni 1.92. Jumla ni dola bilioni 3.12. Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano tu, kwamba fedha hizo zingerejeshwa kwa miaka 30 bila riba hata senti moja. Marejesho ya kila mwaka yangekuwa dola milioni 104. Kwa kukadiria dola moja kuwa shilingi 2,600, hizo ni shilingi bilioni 270. Zikigawanywa kwa nauli ya shilingi 31,000, zinahitajika safari milioni 8.7 za Dar es Salaam–Dodoma kwa mwaka, au abiria karibu 24,000 kila siku. Treni yenye viti 600 italazimika kufanya safari 40 kwa siku, 20 kwenda na 20 kurudi, zote zikiwa zimejaa, na kila shilingi ya nauli iende kwenye deni bila umeme kulipiwa wala dereva kupata mshahara.

Mfano huu una upungufu wake, kwani haugusi riba, thamani ya fedha inavyoshuka kwa muda, wala mapato ya mizigo. Lakini unatosha kuonesha kwamba katika tabaka la tatu hakuna nauli inayovumilika na abiria wa kawaida ambayo ingeilipa reli hii. Waliobuni mradi hawakulificha jambo hilo. Reli ilibuniwa kwa ajili ya shehena ya bandari ya Dar es Salaam iendayo bara na nchi jirani, na ni mpangilio wa utekelezaji uliowafanya abiria kutangulia. Kwa sababu hiyo, kuwahesabu abiria wa miezi ya mwanzo na kutangaza kwamba mradi umefanikiwa au umeshindwa ni kupima mzigo kwa mizani isiyo yake.

Funzo la Madaraka Express

Kenya ilitangulia kwa miaka saba. Treni ya Madaraka Express ilianza kati ya Mombasa na Nairobi mwezi Juni 2017, kwa reli ya takriban kilomita 472 iliyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China. Nauli ya daraja la chini ilianzia shilingi 700 za Kenya. Abiria waliipokea kwa furaha, na tiketi za sikukuu zikawa za kugombaniwa. Mwezi Januari 2024 nauli hiyo ilipandishwa hadi shilingi 1,500, na sababu iliyotolewa ilikuwa kupanda kwa bei ya mafuta, kwa kuwa treni za Kenya hutumia dizeli.

Licha ya treni kujaa, mikopo haikuwa ya kulipwa na abiria. Ilitegemea makontena. Na makontena yalipochelewa kuja yenyewe, serikali iliagiza shehena iingiayo bandari ya Mombasa ipelekwe kwa reli hadi bandari kavu ya Nairobi. Wenye malori, wenye maghala na wakazi wa Mombasa waliandamana wakilalamika kwamba ajira za mji wao zilikuwa zikihamishwa. Agizo hilo liliondolewa mwezi Septemba 2022 na Rais William Ruto. Aliyekuwa akitazama jukwaa la abiria pale Miritini katika miaka hiyo asingeona dalili yoyote ya mgogoro huo. Ushahidi wa treni iliyojaa, ambao ndio unaotolewa mara nyingi zaidi nchini Tanzania, haukueleza chochote kuhusu hatima ya kifedha ya reli ya Kenya.

Tofauti mbili kati ya nchi hizi zinastahili kutajwa. Ya kwanza ni nishati. Reli ya Tanzania hutumia umeme, hivyo gharama zake za safari hazifuati moja kwa moja soko la mafuta la dunia, ila zinategemea uthabiti wa gridi. Siku chache baada ya safari za Dodoma kuanza, treni ilisimama njiani na taarifa ya TRC ikawataja bundi na ngedere kuwa chanzo cha hitilafu ya umeme. Umma ulicheka sana, ingawa wanyama katika nyaya ni jambo la kawaida kwa reli za umeme popote duniani.

Ya pili ni mahali pa stesheni. Abiria wa Mombasa hushuka Miritini na wa Nairobi hushuka Syokimau, mbali na katikati ya miji hiyo, kisha hulipa nauli nyingine. Dar es Salaam ni kinyume chake: treni huingia hadi katikati ya jiji, ilhali mabasi ya mikoani huanzia na kuishia Mbezi Luis. Nafasi hii inaipa treni ya Dodoma nguvu ambayo jedwali la nauli halioneshi. Morogoro haina bahati hiyo, kwa kuwa stesheni yake iko Kihonda, nje ya kitovu cha mji. Kwa safari fupi ya namna hiyo, muda uliookolewa kwenye reli unaweza kuliwa na bajaji na foleni.

Asiyepanda treni

Iwapo nauli haiwezi kulipa tabaka la tatu, kuna mtu mwingine anayelipa. Kenya ilianzisha tozo ya maendeleo ya reli mwaka 2013, na Tanzania ikafuata katika mwaka wa fedha 2015/16 kwa tozo ya asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa ziingizwazo nchini. Tozo hii haionekani kwenye tiketi. Huonekana, kwa mwenye kuitafuta, katika bei ya baiskeli, ya spea ya pikipiki na ya pampu ya maji. Mnunuzi wa Mtwara au Songea huilipa sawasawa na mnunuzi wa Dodoma, ingawa reli haifiki kwake na pengine haitafika maishani mwake. Ruzuku ya umma kwa reli si kosa. Nchi nyingi hufanya hivyo. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini mtumishi wa umma anayekwenda kikaoni Dodoma kwa nauli ya basi zuri asaidiwe na mkulima asiye na treni.

Jibu lipo, na lina uzito: ajali zinazoepukwa barabarani, saa za kazi zinazookolewa, na kupungua kwa uharibifu wa barabara iwapo mizigo itahamia relini. Lakini faida hizo huja tu pale reli inapowahudumia wengi, na hapa ndipo suala la stesheni za katikati linapokuwa zito. Kati ya Morogoro na Dodoma zipo Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu. Ni ukanda ambao reli ya zamani, iliyojengwa kutoka Dar es Salaam kuanzia mwaka 1905, ilikuwa mara nyingi ikikatwa na mafuriko, na ambao reli mpya inauvuka kwa madaraja na mahandaki. Treni ya zamani ilikuwa ya polepole na ilichelewa, lakini ilibeba magunia, na mchuuzi aliuza kupitia dirishani. Mabehewa mapya yenye viyoyozi hayakuundwa kwa biashara hiyo.

Kila mara treni inaposimama Kidete, hutumia umeme kuondoka tena na humchelewesha abiria aliyelipa hadi Dodoma. Mizania ikiandikwa kwa tabaka la kwanza pekee, kituo hicho kitaonekana hasara, na cha haraka kukipunguza ni ratiba: treni mbili ziwe moja, kisha iwe siku chache kwa wiki. Hakuna tangazo la kufunga stesheni litakalohitajika. Ili uamuzi wa namna hiyo uweze kujadiliwa kabla haujafanyika, TRC ingepaswa kuchapisha kila mwaka idadi ya walioshuka na kupanda katika kila stesheni, pamoja na gharama za safari na za utunzaji wa njia zikiwa zimetenganishwa, kama zilivyopaswa kuwa wakati wa RAHCO na TRL. Takwimu ya jumla ya abiria wote, hata iwe kubwa kiasi gani, haimwambii mkazi wa Gulwe kama treni ya mwakani itasimama.