Hofu ya ugonjwa si upungufu wa imani



Mpendwa msomaji, janga la korona limepita, lakini katika parokia zetu wapo ambao hofu yake haijawatoka. Mama mmoja hukaa karibu na mlango, na wakati wa kutakiana amani huinamisha kichwa tu, hatoi mkono. Wengine humcheka. Wengine humwambia, “Mama, imani yako haba.” Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Mwaka 2020 wataalamu wa saikolojia walitunga maswali 7 ya kupima hofu ya ugonjwa ule. Waliuliza mambo ya kawaida kabisa: Je, unakosa usingizi? Viganja vinatoka jasho? Moyo unakwenda mbio ukiwaza kuambukizwa? Ilionekana kwamba watu hawaogopi kwa kiasi kimoja. Wapo ambao tangu utoto ni wepesi wa wasiwasi. Wapo wasioweza kuvumilia kutojua ya kesho. Neno “labda” huwaelemea kuliko habari mbaya yenyewe. Wapo wanaousikiliza mno mwili wao, na kikohozi kidogo kwao ni dalili ya kifo. Huyu atapima joto, atauliza jirani, atasaka habari kwenye simu. Atatulia kidogo, kisha wasiwasi utarudi na nguvu zaidi.

Hayo ni maumbile ya mtu na mapito yake. Si dhambi.

Tarehe 27 Machi 2020, Papa Fransisko alisimama katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, akatafakari Injili ya dhoruba (Mk 4:35-41). Angalia mpangilio wa Marko. Wanafunzi wanaogopa, wanamwamsha Bwana. Hofu yao ndiyo iliyokuwa sala yao. Yesu anatuliza upepo kwanza, ndipo anawauliza juu ya imani. Sisi hukimbilia swali, na dhoruba tunamwachia mwenyewe.

Basi, ndugu usiye na hofu, usimkemee mwenzako. Mtembelee, msikilize, mweleze ukweli bila kumtisha wala kumdanganya.

Nawe uliye na hofu, fuata ushauri wa daktari, halafu utosheke nao. Usiku weka simu mbali. Usitafute uhakika ambao hakuna mwanadamu anao. Kama hofu inakunyima usingizi na kazi, nenda hospitali. Kumwona mtaalamu wa afya ya akili si kumkana Mungu. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa naye ametoka kwa Mungu.

Tena tukumbuke: wanafunzi wale waliotetemeka walifika ng’ambo. Bwana hakumshusha hata mmoja njiani.

Nawatakia Dominika njema.